Rafiki wa Mjomba na Ganzi ya Meno

4 Februari

Mpwa wangu, fundi wa meno yasiyo na wenyewe,

Nakusalimu kwa wingi, na salamu hizi zikikukuta umekaa, basi simama uzipokee. Huku tu wazima. Mguu wa mke wangu umepoa, sasa anapanda ngazi bila kulitaja jina langu. Mama yako alikuja Jumapili, akakaa kutwa, akalipanga upya kabati la vyombo ambalo halikumwomba, akaondoka akisema nimezeeka. Mimi, mdogo wake! Paka amezaa kwenye kapu la nguo safi. Jirani wa juu bado anajifunza tarumbeta, na tarumbeta bado haijamwelewa.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kuambiana basi limechelewa. Jambo la kufikiri huandikwa.

Kazini mambo ni yale yale. Chumba cha kuonjea ni kile ulichokijua ulipokuwa mdogo: meza ndefu chini ya dirisha, vikombe vyeupe vimejipanga, birika linachemka, na sisi tunapita na vijiko, tunavuta chai pamoja na hewa kwa kelele zile ambazo mama yako alikukataza kuzipiga mezani, kisha tunatema ndooni. Mkuu wa meza anastaafu msimu mpya ukifunguliwa, mwezi wa sita. Siku hiyo wanunuzi huja kutazama nani anaonja na anaonjaje. Watu wameshaanza kuniita "mkuu" kwa utani, nami nacheka mdomo ukiwa umefungwa.

Sasa lililonikalisha chini ni hili. Nina rafiki hapa kazini, mwonjaji hodari sana. Siku hizi akivuta chai ya moto, meno yanamtia ganzi mpaka jicho linatoa chozi. Maji baridi vilevile. Hata upepo tu. Basi maskini amejifunza kungoja kikombe kipoe, na chai iliyopoa ina uongo mwingi. Juzi aliisifu chai iliyoungua wakati wa kukaushwa. Mkuu wa meza akamtazama, akaenda kuionja mwenyewe.

Wewe unayeshinda na meno, huyu bwana ana nini? Hana haraka. Ila jibu upesi.

Mjomba wako, ambaye hana neno


19 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimesimama, nimezipokea. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine, kipo juu ya fundi miwani, na kila asubuhi nikishuka ananitazama usoni kama mtu anayekadiria bei. Mama ameniandikia kuhusu kabati lako. Kwa maelezo yake ni yeye aliyeokoa nyumba nzima. Mpe pole mkazamjomba kwa mguu, na mpe pole tena kwa mume.

Kuhusu rafiki yako. Jino lina ganda gumu la nje, lile jeupe linalong'aa. Chini yake kuna sehemu ya manjano kidogo inayoitwa dentini, na dentini ina vijitundu vingi mno, vyembamba kuliko unavyoweza kufikiria, vimejaa majimaji, vinaelekea ndani kwenye uhai wa jino. Ganda likilika, au ufizi ukirudi nyuma, vijitundu vinabaki wazi. Ukipitisha moto, baridi au upepo, yale majimaji yanasogea, na mshipa ulioko ndani unapiga kelele. Hiyo ndiyo ganzi ya rafiki yako. Inauma kweli, hadanganyi.

Kazi yetu hapa maabara ni kupima dawa za kuziba vijitundu hivyo. Tunachukua jino lililong'olewa, tunalikata kwa msumeno mwembamba huku likimwagiwa maji, tunapata kipande cha duara kama kifungo cha shati. Tunakisafisha kwa asidi laini ili vijitundu vifunguke, tunakibana, kisha tunasukuma maji yapite. Maji yanatoka kwenye mrija mwembamba wa kioo wenye kapovu kamoja ka hewa. Kapovu kakitembea, maji yanapita. Tukipaka dawa, kapovu kakasimama, basi dawa imeziba. Siku nzima natazama kapovu, Mjomba. Ukisikia nimeolewa, jua ni kapovu.

Sasa hivi tunashindanisha dawa mbili zilizoko tayari kwa madaktari. Moja nimeipa jina la Mrembo: majimaji, safi, unapaka mara moja tu na kapovu kanaganda papo hapo. Nyingine naiita Mpole. Ni nzito, inafanya kazi polepole, inataka kurudiwa. Mpaka sasa moyo wangu uko kwa Mrembo, ingawa mkuu wetu hataki kusikia neno "moyo". Tunamwita Rudia, kwa sababu hata ukimwambia jua limechomoza atasema, "Rudia."

Tatizo letu kubwa ni meno. Zahanati zinatuletea, lakini mengi yameoza na hayafai.

Rafiki yako aende kwa daktari wa meno atazamwe. Na umuulize: anapigaje mswaki?

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu, mchumba wa kapovu,

Salamu zikufikie juu ya fundi miwani. Sisi wazima. Paka wanne wamepata wenyewe, wa tano kamng'ang'ania mke wangu na mke wangu kamng'ang'ania yeye, kwa hiyo mimi nimehamishwa kiti changu karibu na redio. Tarumbeta imeanza kutoa wimbo. Mwanzo wake tu.

Nimemsomea rafiki yangu barua yako. Kafurahi sana kuambiwa hadanganyi. Ila kwa daktari haendi. Ana sababu zake, na mtu mzima haulizwi sababu mara mbili.

Umeuliza anapigaje mswaki. Mpwa wangu, huyo hana mfano! Mwonjaji lazima aje mezani kinywa kikiwa kitupu, chai ya jana isimsemeshe chai ya leo. Anapiga mswaki asubuhi, anapiga kabla ya kila meza, anapiga baada yake. Mswaki mgumu, ule wa kweli, si hivi vya siku hizi kama manyoya ya kifaranga. Anatia chumvi na mkaa uliosagwa, anasugua mpaka povu linageuka. Alifundishwa na mzazi wake: mwonjaji husugua kabla hajaonja. Kwa usafi huna la kumsema.

Basi, huyo Mrembo. Rafiki yangu hajalala vizuri kwa kumfikiria. Unapaka mara moja, imekwisha? Hiyo ndiyo dawa ya mwanamume mwenye shughuli. Nitumie kichupa kidogo, nitampaka mwenyewe. Na nijibu hili: Mrembo anastahimili chai? Maana rafiki yangu hanywi kikombe kimoja kama watu wengine. Chai ya moto inampitia kinywani kutwa.

Mjomba wako


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mimi mzima. Mama pia, ila wewe unajua zaidi.

Kichupa sikutumii. Dawa hizi hupakwa na mtu aliyesomea, juu ya jino lililotazamwa kwanza. Mimi najua vipande vya meno vilivyobanwa, sijui kinywa cha mtu.

Swali lako la chai limenikaa. Vipande vyetu huwa tunavilowesha kwenye kitu kama mate, kisha kwenye asidi kama ya limau, kisha mashine inavipiga mswaki. Chai ya moto hakuna aliyewahi kuifikiria. Nimeleta birika langu kutoka nyumbani. Rudia akauliza birika linafanya nini kwenye maabara yake. Nikasema kuna mjomba wangu... kuna rafiki wa mjomba wangu. Akalitazama birika, akasema, "Fanya. Kisha rudia."

Matokeo bado. Rafiki yako asingoje chochote kutoka kwangu. Aende kwa daktari.

Mpwa wako


6 Aprili

Mpwa,

Salamu. Wazima.

Barua yako nimeipata. Ilikuwa fupi, nami nitajitahidi isinishinde kwa ufupi. Nimekuuliza kuhusu Mrembo, umeniambia kuhusu birika. Sawa. Watoto mkisoma mnajifunza pia kunyamaza.

Ulisema meno hayatoshi. Dereva wetu anakuja huko na sampuli za chai, nimempa kopo. Ni lile la biskuti la marehemu mama. Ndani yake mna meno ya babu yako.

Hukumkuta akiwa na meno, kwa hiyo nikusimulie. Baba alikuwa mwonjaji kwenye meza hii hii ninayoonjea. Akafika umri wangu, meno yakaanza kumtesa kwa moto na baridi. Siku hizo dawa ilikuwa koleo. Wakamng'oa ya juu yote, wakamwekea ya bandia yenye bati linaloziba kaakaa. Jino la pembe si dawa ya pengo. Kaakaa likizibwa, chai nusu yake haifiki. Hakumaliza msimu. Walimpeleka ghala la magunia, na tangu hapo alikuwa akirudi nyumbani ananuka katani badala ya chai. Alikuwa mtu wa mizaha kuliko mimi. Ghalani huko aliacha mizaha yote.

Mama aliyaokota akayaweka. Sijui kwa nini. Usiniulize pia kwa nini leo nimeyatoa nyumbani. Yakate, yapime, yatumie.

Mjomba wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Nimekaa nikingoja jibu, na mpiga tarumbeta amemaliza wimbo wake, wewe bado hujaanza wako. Mke wangu anakusalimu. Anasema niandike ukweli au ataandika yeye, na mwandiko wake unaujua.

Hakuna rafiki. Ni mimi.

Ni mimi ninayengoja chai ipoe. Ni mimi niliyeisifu chai iliyoungua. Sikukupigia simu kwa sababu siku za baridi hata hewa ya maneno inanichoma, hasa upande wa kushoto, na ungesikia. Nacheka mdomo umefungwa, nanywa maji vuguvugu kama mtoto anayelishwa. Kila jino likinichoma nilikuwa nafungua lile kopo. Nikiyatazama meno ya baba, naona yangu. Ndiyo maana nikalitoa.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kinywa nimerithi kwake, na ulimi, na meza. Sasa narithi na haya. Nikienda kwa daktari atafungua droo ya koleo, na mimi nitatoka pale nimekwisha. Mwezi wa sita unakuja. Wanunuzi watasimama ukutani wakinitazama, na nitapewa kikombe kinachotoa moshi.

Nilitegemea Mrembo. Nakuomba, mwanangu, kama kuna jibu baya niambie. Naogopa kimya chako kuliko jibu lolote.

Mjomba wako


5 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Meno yako hayaendi popote. Nimeliweka mwanzoni ili usiisome barua hii huku umeshika shavu. Salamu nyingine zote nitazileta mwenyewe, nimeomba likizo.

Rafiki yako nilimjua tangu barua ya kwanza. Ni nani mwingine hapo kazini wewe ungekubali kumwita "hodari sana"? Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ukipewa nafasi utatoka mwenyewe mafichoni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Wewe umejifichua kabla ya kilio, na nimefurahi mpaka fundi miwani kaniuliza kuna nini.

Kimya changu kingine kilikuwa cha woga. Mrembo kashindwa, Mjomba. Kwenye mate alikaa, kwenye asidi alikaa, lakini baada ya chai ya moto na mswaki, kapovu kalianza kutembea tena kama hakuna aliyepakwa kitu. Nilirudia kabla Rudia hajaniambia nirudie. Niliona umeweka tumaini lako lote kwake, nikashindwa kukuandikia. Nisamehe kwa hilo. Nilipaswa kukuambia siku ile ile, kwa sababu yule Mpole, ambaye sikumjali, alikaa. Tulimpaka, tukampaka tena, tukamwogesha kwa chai mpaka kipande kikageuka rangi ya kaki, na kapovu kalisogea kidogo sana. Huyo Mpole yuko kwenye kila zahanati ya meno. Daktari wa mtaani kwako anaye tayari.

Sasa kopo. Kwa vipimo vyetu meno ya Babu hayafai, yamekauka mno. Lakini nisingeweza kuyafunika tu. Niliyaosha, nikayapanga kwenye kitambaa, nikayatazama moja moja kwa hadubini.

Hayakuoza, Mjomba. Hakuna hata moja. Mizizi mizima, taji zima. Kitu kimoja tu: shingoni, pale jino linapoingia kwenye ufizi, kwa upande wa nje, kila moja lina mkato, kama shina la mti ambalo mtu alianza kulikata kwa shoka akaitwa kula. Ndani ya mikato kuna mikwaruzo myembamba, yote imelala upande mmoja, ya kwenda na kurudi. Na ya kushoto yamelika zaidi kuliko ya kulia.

Nilikaa na hilo la kushoto muda mrefu. Jino ukilijua unaweza kusema lilikaa upande gani. Nikampigia mama, nikamuuliza tu Babu alikuwa anashika kijiko kwa mkono gani. Akasema wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia akisugua kwa nguvu, upande wa kushoto ndio unaopigwa zaidi. Ugonjwa haujui mkono gani unashika mswaki.

Nilimwita Rudia atazame. Alitazama yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, akainuka, akasema, "Huyu mtu alikuwa msafi mno." Halafu hakusema rudia.

Umeelewa, Mjomba? Hukurithi meno mabovu. Umerithi mswaki. Chumvi, mkaa, mswaki mgumu, kabla ya kila meza na baada yake, miaka yote hii, mara tu baada ya chai. Mnasugua ganda hadi linakwisha, kisha mnasugua dentini yenyewe, na ikiuma mnadhani ni uchafu, mnasugua zaidi. Babu alifundisha alichokijua, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Koleo halikuhitajika kwake. Kwako halihitajiki hata kidogo.

Tangu utakapoipata barua hii usiguse mswaki ule. Suuza kwa maji vuguvugu tu. Jumatatu ya wiki ijayo niko kwako, na Jumanne tunakwenda kwa daktari pamoja. Ukikataa nitamwita mama, naye atakupanga kama kabati.

Mpwa wako


21 Mei

Mwanangu,

Umeondoka juzi na nyumba imeanza kukusema vizuri. Mke wangu anashukuru kwa kitambaa ulichomletea. Paka analala kwenye kiti ulichokalia na hataki tena kile cha redio, kwa hiyo nimerudishiwa mahali pangu.

Nilitaka kukushukuru pale pale zahanati, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba, na ulipotolewa pamba ulikuwa umejaa aibu. Wewe ulikaa kwenye benchi nje. Hukuona mambo yalivyokwenda ndani. Yule daktari, mwanamke wa makamo mwenye mikono midogo, alinipulizia hewa kwenye jino moja nikaruka hadi nikakipiga teke kiti chake cha magurudumu, akaserereka mpaka ukutani. Akarudi akijisukuma kwa miguu, akasema, "Vizuri. Tumelijua la kwanza." Nikamwambia, "Daktari, kama ni kung'oa, niambie sasa nikamuage mke wangu." Akacheka. Akaniuliza, "Ning'oe nini, baba? Hapa hakuna jino bovu. Wewe unafanya kazi gani, kusugua sakafu?"

Mpwa wangu, sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Yale mawili yaliyochimbika sana kayajaza. Mengine kampaka Mpole wako, na nitarudi apake tena, na tena. Kanipa mswaki laini. Nilimwambia huu ni wa kifaranga, akasema basi niwe kifaranga.

Usiku ule nililia kidogo. Nikuambie wazi, sikulia kwa ajili yangu. Nilimkumbuka baba akisimama mbele ya kioo, mgongo umenyooka, anasugua, na mimi niko chini ya kiwiko chake na mswaki wangu mdogo, namwiga. Alikuwa anajivunia kinywa chake. Hakujua anakikata mwenyewe. Iliniuma. Halafu asubuhi nilipoamka nilihisi mwepesi, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake njia nzima akaambiwa kumbe ni wa kuachwa. Nimeishi nikiogopa kuwa damu yetu ina kasoro. Haina. Ilikuwa na bidii tu iliyopotea njia.

Bado chai ya moto inanichoma kidogo. Daktari anasema subira. Mwezi wa sita hauna subira, lakini nitajaribu.

Mjomba wako, kifaranga


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, chumba nimekikuta kizima. Fundi miwani kaninunulia mua njiani, sijui ndiyo nini, usimwambie mama.

Rudia ameongeza chai ya moto kwenye vipimo vyetu vyote, na kahawa pia. Kwenye maelezo ya kazi nilitaka kuandika wazo lilitoka kwa nani. Akauliza, "Kwa nani?" Nikasema kwa rafiki wa mjomba wangu. Akasema mtu huyo hayupo, hawezi kushukuriwa. Kwa hiyo nakushukuru wewe hapa.

Usijilazimishe. Kama siku ya kufungua msimu meno hayajawa tayari, mwambie mkuu wa meza ukweli. Ghala si mwisho wa dunia. Lakini mimi nimekiona kinywa chako, na nimeona kapovu. Nina imani na vyote viwili.

Niandikie siku hiyo hiyo. Sitalala.

Mpwa wako


29 Juni

Mpwa wangu, mganga wangu, mwizi wa usingizi wa fundi miwani,

Salamu kutoka nyumba yenye kelele. Mama yako yuko hapa tangu juzi, mke wangu yuko naye jikoni, wamekubaliana juu ya kabati na sasa wanabishana juu ya sufuria. Jirani wa juu kapata tarumbeta ya pili na mtu wa kuipiga. Wote wazima, wote wanakusalimu, na mama yako anauliza mua ni wa nani. Si mimi niliyemwambia. Nilisoma tu barua kwa sauti.

Najua umeruka mistari hiyo. Haya.

Asubuhi nilisuuza kinywa kwa maji. Mkono ulikwenda wenyewe kutafuta chumvi, nikaupiga kofi. Nilipoingia chumbani wanunuzi walikuwa wameshajipanga ukutani. Mkuu wa meza alimimina mwenyewe. Moshi ulikuwa unapanda hadi kwenye dirisha. Zamani hizi za karibuni ningeanza kuzungumza, kusifu rangi ya majani, kutafuta kijiko kisafi, chochote, mradi kipoe. Leo nilichota nikiwa nimesimama mbele ya kila mtu, nikafumba macho, nikavuta.

Nilivuta kama baba! Kelele ilikwenda hadi kwenye vioo. Chai ikasambaa kinywani pote, kushoto na kulia, ya moto kabisa, na nikangoja ile sindano. Nikangoja. Haikuja. Ilikuja chai. Niliisahau, mwanangu. Nilikuwa nimesahau chai ya moto ina ladha ngapi. Nilisimama pale na kinywa kimejaa, sikutaka kutema, mpaka mnunuzi mmoja akadhani nimepata kiharusi.

Nikatema. Nikasema yaliyopo: hii nzuri, ile ilikawia kukaushwa, hii ya tatu imekaa karibu na sabuni. Wakaenda kuulizia, kweli gari lilibeba sabuni. Tulipomaliza meza nzima mkuu aliweka kijiko chake mbele yangu. Nilidhani atasema maneno. Alisema tu, "Kijana nikiwa hapa, kulikuwa na mzee mmoja alikuwa anavuta hivyo hivyo. Tulikuwa tunamsikia kutoka uani." Nikamwambia, "Alikuwa baba yangu." Akasema, "Najua. Kaa."

Nikakaa kwenye kiti chake.

Jana mimi na mama yako tulikwenda kaburini, tukayafukia pembeni yake yale meno uliyonirudishia ulipokuja. Ni yake, na hayakuwa na kosa. Mama yako alimsimulia yote kwa sauti, mkono wa kulia, upande wa kushoto, kapovu, hadi Rudia. Nadhani baba amecheka. Kopo tumeliosha kwa maji ya moto, sasa lina biskuti. Miswaki migumu iliyobaki kabatini mke wangu anasugulia masinki, na masinki hayalalamiki.

Yule rafiki yangu ameacha kazi. Hakuaga, hakuacha anwani. Tulizoeana, lakini simtafuti.

Sasa nakwenda jikoni kuchukua chai yangu kabla haijapoa.

Mjomba wako, ambaye safari hii kweli hana neno